Kifungu cha Leo

Mlio mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, ulimwamsha Nasemba. Mashine ya Kiingereza ilikuwa imemaliza kutunga kifungu cha leo. Siku hizi kila anayetaka kibali cha kufanya kazi ng'ambo hufungiwa mashine hiyo nyumbani. Mashine husikiliza mazungumzo ya watu wa nyumba hiyo, kisha huyageuza kuwa zoezi la Kiingereza la kusoma na kujibu maswali.

Alijikokota hadi mezani, akasoma kifungu: Mzee mmoja alimwambia jirani yake: "Macho yangu yamekufa, lakini binti yangu asijue." Swali: kwa nini mzee alificha?

Nasemba alimtazama baba yake, aliyekuwa akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Kwa miezi mingi alikuwa amemwona akipapasa hivyo, akadhani ni uzee tu. Akachagua jibu: ili binti asiache safari ya ng'ambo. Taa ya kijani ikawaka.

"Umepata, mwanangu?"

"Nimepata, baba."

"Nilijua! Kichwa chako si boga. Sasa niahidi utakwenda, hata nikikuita urudi."

Mashine ilitulia, ikisikiliza.

"Nakuahidi, baba," alisema Nasemba. "Nitakwenda."