Chini ya Daraja

Kabla hajawa meya, Isagani alikuwa mhandisi, na kila daraja alilolijenga alisimama chini yake lori la kwanza likipita. Leo alikuwa amepewa mkasi wa kukatia utepe wa daraja jipya. Aliikwangua nguzo ya daraja kwa ncha ya mkasi, na mchanga mtupu ukamwagikia viatu vyake.

"Celso, saruji iko wapi?"

"Mheshimiwa, ulisaini mwenyewe kwamba kazi ni safi," mkandarasi akajibu huku akitabasamu.

"Usinichekee."

Alimkamata shati kifuani, akamburuta hadi chini ya daraja.

"Leo tutasimama wote wawili."

Juu, dereva wa lori lililosheheni kokoto alikuwa akingoja ishara. Mkono wa meya ulikuwa tayari hewani, bado umeushika mkasi.