Jumba la Mawe la Baba Yangu

Haki ya Mungu, hapa hakuna neno la uongo.

Mwaka 2015, wakwe walitoka Columbus na Buffalo wakaja kwangu Beechmont kusikiliza posa ya mwanangu. Niliwaonyesha picha ya jumba la Kigothi kule Kivu: minara miwili, madirisha yenye ncha kama mikuki.

"Babu alilijenga. Baba akanirithisha."

Mukansanga, mama wa msichana, aliweka kidole chenye kovu juu ya dirisha moja.

"Bon, mukwe. Kioo hiki kilinikata nikikipangusa. Jumba lilikuwa la mzungu mwenye mashamba ya chai. Baba yako alilinda geti. Kila jioni alitupekua, sisi wasichana wa kazi, mpaka ndani ya nguo."

Mwanangu aliinamisha kichwa.

"Anayedanganya kwenye posa hulipa ng'ombe," mjomba wa msichana alisema.

"Nitalipa wawili," nikasema. "Wa pili ni wa kosa la baba pale getini."