Pimbi Aliyeshinda Kesi ya Ngozi

Hapo zamani, kabla Fisi hajajua kuona haya, na mpaka leo hajajua, alifuga pimbi vizimbani ili awachune ngozi. Pimbi mmoja, bingwa wa maneno, akaponyoka hadi barazani. Alisema mpaka Kifaru akalia. Sheria ikapita: marufuku kufuga mnyama kwa ajili ya ngozi.

"Umekwisha, mzee!" Pimbi akamcheka Fisi.

"Hongera, mdogo wangu. Ila sheria isiyopigiwa ngoma si sheria, na ngoma ya baraza imepasuka."

Wazee wakamtazama Pimbi.

"Tumekataza kufuga," Tembo akasema kwa upole. "Wewe umekuja kwa miguu yako."

Kesho yake ngoma ikalia, vizimba vikafunguliwa.

"Ndugu yetu yuko wapi?" pimbi wakauliza.

"Si huyo anasema?" Fisi akajibu, akizidi kupiga ngoma.