Siku Tisa Kabla ya Arobaini

Itangazwe kwa ukoo mzima: mjukuu amelala, asisumbuliwe! Aliyelala, kusema kweli, ni taulo lililovishwa kofia. Mtoto yuko hospitali na mama yake, Mishi, aliyekesha wiki nzima akitazama alama nyekundu ya kuzaliwa ikivimba mpaka inafunika jicho la mtoto.

“Umewahi,” daktari alisema. “Jicho likizibwa muda mrefu linasahau kuona. Matone haya ya kunywa tunayaanza leo.”

Mishi aliporudi na mtoto, mama mkwe alikuwa kitandani, bado analipepea taulo.

“Umemtoa nje kabla ya arobaini?”

“Nimekudanganya, mama. Nimechoka kusubiri. Na wiki ijayo namtoa tena.”

Bibi akanyoosha mkono. Mishi hakujua anataka mtoto au chupa ya dawa.