Masaa Kumi ya Verla Kubicek

Mkono ulipogonga mlango wa lori, Verla Kubicek hakuiondoa mikono yake kwenye usukani. Aliwajua askari wa mizani wa Nebraska. Ukihangaika mbele yao, wanadhani unaficha kitu.

"Habari za safari, dereva?"

"Zilikuwa nzuri mpaka ulipotokea wewe."

Chini alisimama mwanamke mwenye koti la manjano lenye mistari inayong'aa, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, ubao wa kuandikia kwapani. Verla alimtambua.

"Jana pia ulinisimamisha hapahapa. Barabara yote hii hamna wengine wa kuwaonea?"

"Ni kazi tu, dereva. Naomba daftari la safari."

Verla alilitoa kifuani, ndani ya shati. Daftari halikumtia wasiwasi. Wanaume aliofanya nao kazi walikuwa na madaftari mawili, moja la kweli na moja la kumwonyesha askari. Yeye alikuwa na hilo moja, na masaa aliyoandika humo ndiyo aliyoendesha. Walimcheka kwa hilo kwenye vituo vyote vya mafuta, kuanzia Omaha hadi Denver.

"Afande, leo usinicheleweshe," alisema. "Binti yangu Darcy anatimiza miaka tisa. Mwaka jana lori liliniharibikia Wyoming, keki wakaila bila mimi. Safari hii nimemwahidi. Zimebaki maili arobaini tu. Ni hapa karibu kabisa."

Yule mwanamke alifunua kurasa polepole. Wino ulikuwa umefifia, na pembeni kulijaa mistari iliyoandikwa juu ya mistari.

"Umeshaendesha masaa kumi na moja, dereva. Huruhusiwi kuongeza hata dakika."

Verla alicheka kwa mara ya kwanza.

"Kumi na moja? Nani kakufundisha kazi wewe? Sheria ni masaa kumi barabarani, manane kitandani. Hata mtoto wa dereva analijua hilo."

"Kumi," yule mwanamke alisema taratibu. "Samahani. Nimechanganya."

"Basi asiyejua sheria aniache nipite."

"Hata kwa hayo kumi, umeyamaliza. Hesabu mwenyewe."

Verla alihesabu kwa kidole. Kidole kilipotea njiani, akaanza upya. Mara ya tatu aliacha. Mstari wa mwisho ulikuwa umefika kwenye kumi, na mwandiko ulikuwa wake.

Angeweza kukaidi. Wengine wangekaidi, maili arobaini ni nini? Lakini Verla aliwahi kusimama kando ya barabara akitazama lori la mwenzake aliyesinzia, na gari dogo lililokuwa chini ya lori lile. Ndani ya gari dogo kulikuwa na viatu vya mtoto. Tangu siku ile, saa zikiisha, zimeisha.

"Maili arobaini, afande," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa chini. "Ameshakaa dirishani yule. Namjua. Akisikia lori lolote anasimama."

"Najua."

"Hujui."

Yule mwanamke alipanda ngazi ya lori akampa mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na mkate wa nyama na kabichi, bado wa moto.

"Kula kwanza, halafu ulale."

"Askari gani hawa wanaokamata watu na kuwaletea chakula? Umetia sumu?"

Akala. Vitunguu vilikuwa vimekatwa vidogovidogo, jinsi alivyovipenda. Alipomaliza alianza kujivuta kuelekea kwenye kitanda nyuma ya viti, na yule mwanamke akamshika goti la kushoto kabla halijamlegea.

"Umejuaje kuwa ni hili linaloniuma?"

"Nimeona unavyokaa."

Alimvua viatu, akaviweka pamoja, visigino ukutani. Akafungua kidirisha upepo wa Juni uingie. Mahindi yalisikika nje, majani yake yakigongana.

"Afande. Ofisini kwenu kuna simu?"

"Ipo."

"Nipigie nyumbani. Mwambie Darcy asinisubiri. Wakate keki. Na usimwambie nimelia."

"Sitamwambia."

"Atanichukia."

Yule mwanamke alivuta blanketi hadi mabegani kwa Verla, akabaki ameshika pindo lake kwa muda.

"Hatakuchukia, dereva."

"Una moyo mzuri, kwa askari. Lakini watoto hawasahau."

"Hawasahau," alikubali. "Lala sasa. Una masaa manane."

Alisubiri mpaka pumzi za Verla zikatulia. Ndipo akateremka, akakanyaga kwa uangalifu kwenye majani marefu yaliyoota kati ya matofali yaliyolibeba lori, pale ambapo zamani palikuwa na magurudumu. Alivuka bustani kwa hatua kumi na mbili, akaingia jikoni, akatundika koti na kofia nyuma ya mlango.

Juu ya meza kulikuwa na keki yenye mishumaa miwili ya tarakimu, tano na nne. Mumewe alikuwa ameshika kiberiti.

"Tumsubiri, Darcy?"

"Mama amekwama njiani," alisema. "Amesema tukate."