Aliyemuuza Luteni Pellow

Kila Thelma Garrick aliposimama, mwanamume mwenye panga naye alisimama.

Hakuwa anakwenda shambani. Mashamba walikwisha kuyapita. Thelma aliinama, akajifanya anafunga kamba za kiatu, akachungulia nyuma. Mtu yule alikuwa anamtazama tu, hasemi, hasogei.

Laiti angebaki Melbourne, mezani pake, ambako kazi yake ilikuwa kuhakiki wasifu wa maofisa wa jeshi la majini kwa ajili ya toleo jipya la ensaiklopidia. Wasifu wa Luteni Hugh Pellow ulikuwa mfupi na wa sifa tupu. Wakati wa vita alijificha na redio yake juu ya kilima cha kisiwa hiki cha Sarevo, akatoa habari za Wajapani mpaka walipomkamata na kumuua. Uliishia hivi: "Alisalitiwa na mpishi wake, mwenyeji wa Sarevo, Nason Tavoa."

Maneno hayo yalikuwa uongo. Thelma alikuwa amezungumza na mzee wa Kijapani aliyekuwamo katika msako ule. Walilifuata wimbi la redio kwa mashine. Hakuna mtu aliyewaonyesha njia. Angeweza kuifuta sentensi ile kwa kalamu na kwenda kunywa chai, lakini aliona ukoo wa Nason unastahili kusikia kwanza, tena kutoka kinywani mwake.

Siku aliyoshuka botini alilitaja jina hilo pale pale ufukweni. Vicheko vikakatika. Wanawake waliokuwa wakimenya magimbi wakaacha visu.

"Unamtakia nini Nason?" mzee mmoja aliuliza.

"Nataka kurekebisha yaliyoandikwa juu yake."

Mzee akampa mgongo, akaenda zake. Hata mwenyeji wake, Melesia, mjane mcheshi aliyempokea kwa kumbatio, alimwekea samaki na magimbi bila kumtazama usoni. Kisha akachungulia nje, akaita, "Nason! Lete kuni!"

Watoto watatu wakaitika kwa pamoja.

"Mbona wote ni Nason?" Thelma aliuliza.

"Majina ni majina, dada. Kula." Melesia akashusha sauti. "Hilo la kwenye kitabu liache lilivyo. Watu hawajalala vizuri tangu ufike."

Thelma akaelewa, au alidhani ameelewa. Wenye kidonda hawataki kitoneshwe, hata na mwenye dawa. Tena ni nani angemwamini mgeni kwamba ameleta dawa?

Asubuhi alimwomba mwenye boti amrudishe mjini.

"Mafuta yamekwisha," alisema yule bwana, huku ameegemea pipa lililojaa. "Labda bibi aogelee."

Waliokuwa karibu hawakucheka. Thelma akarudi nyumbani kwa Melesia. Akaamua kuvuka kilima kwa miguu hadi misheni ya upande wa pili, ambako kulikuwa na boti nyingine. Melesia alimkuta anafunga mkoba.

"Peke yako? Thubutu! Ezron Tavoa anakutafuta."

"Ezron ni nani?"

"Mjukuu mkubwa wa Nason. Ameapa hutaondoka hujaonana naye."

Thelma alitokea mlango wa nyuma.

Na sasa alikuwa hapa, kwenye njia nyembamba yenye utelezi, na mwenye panga alikuwa ameanza kutembea upesi. Thelma akakimbia. Matawi yalimchapa usoni, pumzi ikamwishia, mguu ukanasa kwenye mzizi, akaanguka kifudifudi. Alijaribu kuinuka, goti likakataa. Alizisikia nyayo zikija, zikija, zikasimama karibu na kichwa chake. Akafumba macho.

"Mama."

Sauti ilikuwa inatetemeka kuliko mwili wake. Alipofumbua macho, panga lilikuwa limelala kwenye majani, na Ezron Tavoa, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amepiga magoti topeni.

"Nakuomba, mama. Tumesikia umekuja kumfuta babu."

"Kumsafisha!" Thelma alisema, akihema. "Hakumuuza Luteni. Nimepata ushahidi."

"Usiuseme." Ezron alitazama nyuma, kule kijijini, kana kwamba miti ingesikia. "Wajapani walipoingia kanisani, walitukuta sisi ndani, Jumapili. Luteni alikuwa kilimani na darubini yake, alituona wote. Akaziita ndege kwa redio, zikalipua kanisa, wengi wetu wakafa."

Thelma akajikokota, akaketi.

"Babu alituambia kwamba baada ya hapo alikwenda mwenyewe kumtaja kwa Wajapani, na kisiwa kizima kinamheshimu kwa hilo," Ezron alisema, machozi yakimtoka. "Ukiandika kwamba hakumuuza, mama, basi hata baada ya siku ile aliendelea kumpikia."