Waya wa Mlangoni

Fundi alichomeka kidude cha ukubwa wa kidole gumba nyuma ya printa kuukuu, akaingiza nywila ya waifai, kisha akamwambia mhazili, "Haya dada, jaribu."

Mhazili akabonyeza. Printa ikakohoa, ikanyamaza. Akabonyeza tena, maana mkubwa wa ofisi alikwishasema kwamba printa isipokubali kuchapa bila waya, waya wake utabaki palepale.

Na waya wenyewe ulikatiza mlangoni, ndani ya kifuniko cha plastiki kilichotuna kama mshipa. Wengine waliuruka bila hata kuuona. Mhazili, mwenye kiti cha magurudumu, kila alipotaka kwenda barazani wenzake walikokuwa wakinywa chai, ilibidi aite mtu amvushe. Mwishowe alichoka kuita, akazua kwamba chai humletea kiungulia.

Printa ikakohoa tena, mara ikatema karatasi, ya moto kama mkate.

"Imekubali!" fundi akasema. "Sasa huu waya niung'oe leo, au kesho nikija na mwenzangu?"

"Kesho ya nani, kaka? Ng'oa!"

Kifuniko kikabanduka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, kikaacha mstari wa vumbi sakafuni. Mhazili akashika magurudumu, akavuka mstari ule taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu asitake kiishe.

Barazani vicheko vilikatika. Wote wakageuka.

"Nisogezeeni kikombe," akasema. "Na hicho kisa kianzeni upya, mimi sikuwapo."